Namna ya kutembea Moshi na mwenzi wako Jumanne, bila msiba wala mgonjwa

Mara ya kwanza mimi na mume wangu tulipopita mjini pamoja siku ya kazi, tulipewa pole mara nne kabla hatujaufikia mnara wa saa. Wa kwanza alikuwa mama wa ndizi wa Mbuyuni, mteja wangu wa sare za kwaya. Alituangalia, mimi na kitenge kipya, mume wangu na shati lililopigwa pasi mpaka mikono imesimama, akaweka kisu chini. "Jamani, poleni. Ni nani tena?"

Simlaumu. Hapa kwetu mke na mume wakionekana wameongozana saa nne asubuhi, wamevaa vizuri na hawajabeba mzigo, ama wanakwenda kumwona mgonjwa hospitali ya KCMC, ama wanapanda mgombani, vijijini huko mlimani, kuzika. Sababu ya tatu watu hawaijui. Sisi tumekuwa tukiifanya hiyo ya tatu kwa miaka mitatu sasa, kila baada ya miezi miwili hivi. Wateja wakija kupimwa huniuliza tunapataje nafasi na huwa tunakwenda wapi, nami nimechoka kujibu huku nina pini mdomoni. Ndiyo maana naandika.

Siku ipi

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu jirani na soko la Mbuyuni. Mume wangu anaendesha Coaster ya Moshi–Arusha. Kwa hiyo tukisema mapumziko hatusemi Jumapili. Jumapili ni ibada, kikao cha harusi ya mtu, sare za shule za kufua, na shemeji aliyeshuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi, ambaye huwezi kumwambia arudi kesho. Jumamosi ni harusi na mazishi. Alhamisi na Ijumaa fundi yeyote anazijua: ndizo siku ambazo watu hukumbuka kwamba nguo ya Jumamosi haijashonwa. Jumatatu ingefaa, ila mume wangu anasema abiria ni wengi, na tajiri wa gari hataki kusikia habari za deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa siku, siku yenye abiria. Tukabaki na Jumanne.

Hapo kwenye deiwaka ndipo penye kazi. Dereva hapumziki kwa kuamka na kutaka. Lazima atafute mtu wa kuaminika wa kushika usukani, wakubaliane hesabu italetwa na nani na saa ngapi, na tajiri mwenyewe aambiwe wiki nzima kabla. Nami naandika kwenye daftari la oda tangu mwanzo wa mwezi: Jumanne ile hakuna kupima. Mteja akiuliza kuna nini, namwambia nina safari. Si uongo.

Msiende na shida

Mara ya pili tulisema, maadamu tuko mjini, tupitie duka la vifaa tuulize bei ya kitasa cha mlango wa jikoni. Dakika tano tu. Kitasa cha kwanza kilikuwa kikubwa, cha pili hakina funguo za akiba, wa duka la tatu akatuambia tumlete fundi. Saa tisa tulikuwa nyumbani, tuna kitasa, nusu kilo ya misumari, koki ya bomba ambayo hatukuitafuta, na hatusemezani. Kitasa chenyewe ni kizuri, kinafanya kazi mpaka leo, na kila nikikizungusha naikumbuka Jumanne yangu.

Tangu siku ile hakuna duka la vifaa, hakuna benki, hakuna ankara ya maji, hakuna "tumsalimie mara moja" kwa ndugu yeyote awaye. Shida zibaki nyumbani zitungoje, hazijawahi kuhama. Fedha tunaiweka kwenye bahasha moja, elfu hamsini, nayo nabeba mimi kwa sababu ambazo mume wangu mwenyewe anazijua. Tunaigawa hivi: kama elfu sita ya mtori na chai, kumi na mbili ya bajaji za siku nzima, nane ya kahawa, kumi ya zawadi, na kilichobaki ni cha chakula cha mchana na ada ya msituni. Mwenye kidogo aondoe kahawa na bajaji, atembee. Mtori asiuondoe.

Jambo jingine ni majina. Siku hiyo haniiti Mama Watoto nami simwiti Baba Watoto. Tunaitana majina ya ubatizo, yale tuliyokuwa tukiitana kabla ya kumpata wa kwanza. Mwanzoni ilitupa aibu. Aliponiita kwa jina langu katikati ya barabara ya Mawenzi niligeuka nikidhani ni mweka hazina wa VICOBA.

Anzeni juu

Moshi imeinama. Ukimwaga maji Shanty Town yanakimbilia reli. Basi msipande mji kwa miguu, pandeni kwa bajaji na mshuke kwa miguu. Sisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunakuwa tumeshashushwa barabara ya Lema, huko Shanty Town. Jina lisiwadanganye. Kwa Kiingereza maana yake ni mtaa wa vibanda vya maskini, lakini ya kwetu ina mageti ya chuma, bustani zinazomwagiwa maji, na mbwa wenye daktari wao. Oktoba na Novemba mijakaranda ikichanua, lami inakuwa ya zambarau na hata mwenye haraka anapunguza mwendo.

Tunawahi hivyo kwa ajili ya mlima, Kilimanjaro. Wenyeji tunasema mlima umefunguka au umefunga, kama duka, na kwa kawaida hufunguka alfajiri, ukafunga jua likishapata nguvu, halafu ukafunguka tena jioni. Ukisimama Moshi ukitazama kaskazini, kilele cha Kibo ni ule mviringo mweupe, mita 5,895, na Mawenzi ni ule uliochongoka mkono wa kuume, mita 5,149. Wazee wanasema Mawenzi alikuwa mzembe wa moto, kila mara ukimzimikia anakwenda kwa Kibo kuomba kaa, mpaka Kibo akachoka, akampiga, ndiyo yale makovu. Hadithi hiyo sishauri isimuliwe siku ya mapumziko.

Mume wangu ameuona mlima huu kila siku kwa miaka kumi na tisa, ila ameuonea kwenye saidimira. Asubuhi ile ya kwanza alisimama kando ya ua wa watu, mikono mfukoni, kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama theluji ilikuwa kidogo hivi tangu zamani. Nikamwambia tulipokuwa shule ya msingi ilikuwa inashuka zaidi, na imekuwa ikipungua wakati yeye akikimbiza abiria. Hatukuzungumza tena mpaka barabara kubwa. Lakini kilikuwa kimya kizuri, si kile cha kitasa.

Miezi ya baridi, kuanzia Juni, mlima unaweza kufunga siku tatu mfululizo. Msiusubiri, shukeni mkanywe mtori.

Mtori, na pole za watu

Mtori una saa yake, na ikizidi saa nne asubuhi ni shauri jingine. Mama ntilie anaupika usiku au alfajiri, ndizi mshare na nyama yenye mfupa, vikiiva anatoa nyama, anazisaga ndizi kwa mwiko mpaka ziwe laini, kisha anarudisha. Asubuhi na mapema unakuwa mzito kiasi kwamba kijiko kinaacha njia nyuma yake. Wateja wakizidi, birika la maji ya moto linaanza kazi. Nimeliona kwa macho yangu. Kwa hiyo kabla ya kuagiza tazameni bakuli la jirani. Kijiko kikipita na njia ikajifunga papo hapo, salimieni muondoke.

Sisi tunakula nyuma ya stendi, kwa mama mmoja mwenye mabenchi mawili, kwa sababu makondakta wanakula pale, na kondakta hana muda wa kula kitu kibaya. Mume wangu anapenda kisusio. Mimi supu ya damu siiwezi asubuhi, tumeshakubaliana akae upande wa pili wa meza.

Hapo ndipo salamu zinapoanza. Moshi ni mji mdogo, na dereva wa stendi akitoka mchana na mkewe ni habari. Tumejifunza hivi: kwa mzee, simameni kabisa, shikamoo, habari za nyumbani, habari za mifugo, msikate. Hizo dakika tano ni haki yake. Kwa mtu wa rika lenu, salimieni huku mnatembea. Akiuliza mnakwenda wapi, jibu ni "hapo tu". Hakuna Mswahili anayeuliza swali la pili baada ya "hapo tu". Akiwapa pole, msiipokee kwa kuona haya, maana atakwenda kuieneza. Mwambieni wazi kwamba hakuna msiba, mnatembea. Atacheka, au atawatazama kama mnaomficha jambo. Yote mawili mwachieni.

Kahawa yetu wenyewe

Kutoka stendi tunajivuta taratibu hadi upande wa mnara wa saa, kunywa kahawa. Najua, Mchagga na kahawa: tunailima, tunaiuza, tunakwenda nyumbani kunywa chai ya maziwa. Mkwe wangu alikuwa na mibuni chini ya migomba huko Kibosho. Mume wangu amekua akizungusha mashine ya mkono ya kumenya, akianika, akibeba gunia hadi chama cha msingi, na kutoka hapo kahawa ilikuwa inapotelea mjini, kwenye jengo la KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1933, na shule nyingi za mlimani zimesimama kwa fedha ya kahawa. Mnada wa kahawa ya nchi nzima umefanyika miaka mingi humu humu Moshi. Lakini kikombe cha arabika iliyokaangwa vizuri, kilichotoka kwenye udongo wa baba yake, alikinywa akiwa na miaka arobaini na moja, mimi nikiwa nimekaa mbele yake. Aliweka vijiko vinne vya sukari. Akanywa. Akasema, "Kumbe ndiyo hii." Kisha akanisimulia habari za baba yake ambazo sikuwahi kuzisikia, na tuna miaka kumi na sita ya ndoa.

Kwa hiyo ushauri wangu: chagueni mgahawa unaokaanga kahawa yake, harufu itawaongoza, na mkae meza ya dirishani. Bei yake ni ya watalii kidogo. Kaeni saa nzima, ilipeni kwa kukaa.

Stesheni

Wengi wananiuliza stesheni kuna nini. Kuna kivuli, benchi, na sababu ya mji kuwa hapa. Moshi ya asili ni ile ya juu, Old Moshi, kwa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1900. Reli yao kutoka Tanga ilipofika huku chini mwaka 1911, mji mpya ukajipanga kuizunguka, na ule wa juu ukabaki na jina la zamani. Ukikaa kwenye lile benchi unatazama kitovu cha mji. Bibi yangu mzaa mama aliuza ndizi mbivu kwa abiria wa treni hapo hapo. Alikuwa akisema treni ikichelewa ndizi zinaiva zaidi na bei inashuka. Baadaye treni za abiria zikakoma, pakawa kimya miaka mingi, mpaka Desemba 2019 ile ya kutoka Dar es Salaam iliporudi. Ulizeni siku za treni mkifika. Mkiikuta, mtaona watu wanashuka na magunia, vitanda na kuku. Mkiikosa, mna utulivu. Kabla ya kupiga picha ombeni ruhusa, ni adabu na pia inaokoa maelezo marefu.

Soko la Memorial kwa dakika thelathini

Hapa ni mimi niliyepataka, na ninakiri kwamba fundi cherehani kwenda sokoni kwa mitumba siku ya mapumziko ni sawa na dereva kwenda kuzunguka stendi. Tukatafuta njia. Tunaachana mlangoni kwa nusu saa, kila mmoja na elfu tano, amnunulie mwenzake kitu kimoja cha kuvaa. Hakuna kupigiana simu, hakuna kuuliza saizi. Asiyejua saizi ya mwenzake atajulikana hapo.

Kwa asiye fundi: nguo ya mtumba isitazamwe kwa nje. Igeuze. Tazama mshono wa kwapa na wa katikati ya miguu, huko ndiko kitambaa huchoka kwanza. Shika kola uikunje, ikiacha mstari mweupe imeshakwisha. Tazama pindo, likiwa nene kuna akiba ya kurefusha, likiwa jembamba mtu ameshalishusha kabla yako. Vifungo visikusumbue, ni mia mbili mia mbili. Mwaka jana mume wangu aliniletea blauzi ya kijani iliyokatwa kwa upande, kazi ngumu, mshono wa ndani umefunikwa wote. Nilimuuliza nani alimchagulia. Akasema aliigeuza kwanza. Kumbe miaka yote hii alikuwa ananisikiliza nikilalamika.

Kuanzia saa saba hadi saa tisa jua la Moshi si la kutembea. Kaeni kivulini, kuleni chochote, msijishindanishe.

Rau, jioni

Saa tisa na nusu tunachukua bajaji ya mwisho kwenda Rau. Msitu wa hifadhi wa Rau uko karibu sana na mji, na bado kuna watu wamezaliwa mitaa ya Njoro na Majengo hawajaukanyaga. Wanadhani ni wa Wazungu wenye baiskeli. Kuna ada ya kuingia, lipeni mpewe risiti. Ndani ni ubaridi, maji yanatiririka pembeni, mbega na kima wanarukaruka juu, na kuna mvule mmoja mkubwa ambao tulijaribu kuukumbatia, mikono yetu minne haikufika hata nusu. Ukitoka upande wa pili unakutana na mashamba ya mpunga, kijani mpaka macho yanauma. Vaeni viatu vya kufunga. Masika msiende, matope yake hayana heshima.

Huko Rau ndiko tulikogombana vibaya kuliko siku zote, na naeleza kwa sababu yatawapata na ninyi. Tulikuwa tumefika kwenye mpunga, simu ikaita. Deiwaka. Tairi limepasuka Kikatiti, la akiba halina upepo. Mume wangu akasimama kwenye tuta akieleza, akafoka, akampigia tajiri, akampigia fundi wa tairi, dakika ishirini na tano. Nikaondoka. Nilitembea peke yangu hadi kwenye nyumba za watu, nikakaa kwenye jiwe, nikafikiri kuhusu nguo zangu sita ambazo hazijashonwa.

Akanikuta hapo. Hakusema kitu. Alikuwa ameshika jani la isale. Kwa msiolijua, isale ni lile linalopandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya ukoo, na kwenye makaburi, na Mchagga akikosea akakuletea jani lake, ni msamaha anaomba, na kulikataa ni jambo zito mno. Mimi nilitaka kulikataa kidogo. Nikamuuliza amelitoa wapi, akaonyesha ua wa nyumba ya jirani, ambako bibi mmoja alikuwa amesimama na ufagio akitutazama. Alikuwa amemwomba. Nikamwambia bibi aika, nikalipokea. Tangu hapo inayobebwa ni simu yangu peke yake, ya tochi, na deiwaka ana namba ya tajiri.

Tunarudi na bajaji au kwa miguu, inategemea bahasha. Mara nyingi ni kwa miguu, na kuanzia saa kumi na mbili mlima unafunguka tena, Kibo inakuwa rangi ya chungwa kwa muda wa kama kumenya ndizi tano, halafu giza.

Safari ile ya isale tulifika nyumbani tuna vumbi hadi magotini, jani mkononi. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa kwenye ngazi zetu, amejifunga kanga mbili, anatungoja. Alisimama haraka.

"Poleni sana. Nimesikia kutoka kwa mama wa ndizi. Mmezika wapi?"

"Hatukuzika, dada," mume wangu akasema. "Tulikuwa tunatembea."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Hapo tu."

Alilitazama lile isale, akatutazama sisi, akafungua pindo la kanga, akahakikisha noti yake ya elfu tano ya rambirambi bado ipo, akalifunga tena.